Safari Kumi na Mbili Zisizo na Tija

Safari Sulle ana miaka arobaini na tatu, na mahali pa mbali zaidi alipowahi kufika ni Katesh kwa upande mmoja na Haydom kwa upande mwingine. Haydom yenyewe hakwenda kwa kupenda. Alifika akiwa na umri wa saa mbili, amefungwa kwenye shuka la bibi yake, kwa kuwa mama yake aliyekuwa akipelekwa hospitali alijifungulia njiani, juu ya magunia ya vitunguu kwenye lori. Muuguzi alipouliza mtoto anaitwa nani, bibi alijibu neno moja, na neno hilo likaandikwa kwenye kadi. Katika vijiji vya Mbulu na Hanang jina hilo halimshtui mtu. Kila kijiji kina Safari wake. Vingine vina watatu, na watu huwatofautisha kwa majina ya baba zao.

Safari wa Endaloqi hutofautishwa kwa kazi. Yeye ni Safari wa josho.

Josho la Endaloqi ni mfereji wa saruji uliochimbwa ardhini, wenye kina cha kummeza mtu mrefu, uliojaa maji yenye dawa ya kuua kupe. Ng'ombe anaingia kwa kuruka upande mmoja, anazama, anaibuka, anaogelea, anatoka upande wa pili akiwa na hasira na hana kupe. Kwa miaka kumi na sita lilikuwa gofu. Watoto walicheza humo, na mbuni mmoja wa kahawa, ambao hakuna aliyekumbuka kuupanda, uliota katikati yake. Kisha halmashauri ikalikarabati, na mkutano wa kijiji ukamchagua Safari kuwa mwogeshaji. Sababu mbili ziliandikwa kwenye muhtasari: anajua kusoma vipimo, na hanywi pombe asubuhi.

Kazi ni Jumanne na Ijumaa. Alfajiri anashusha fimbo yenye alama kupima kina cha maji, anaongeza dawa, anakoroga. Ng'ombe lazima wawe wamekunywa mtoni na kupumzika, wasije wakanywa ya josho. Kumi wa kwanza huzungushwa mara mbili, kwa sababu ni miguu yao inayoinua dawa iliyotulia chini; wakipita mara moja wanakuwa wamelowa tu. Jambo hilo huzua ubishi kila wiki, na kila wiki Safari anashinda. Kwa kazi hiyo kijiji humpa posho ya mwezi. Si kubwa. Lakini kabla ya josho, Mzee Hhando, ambaye ana ng'ombe ishirini na watatu na maoni zaidi ya hapo, alikuwa akizika ndama sita kwa mwaka kwa ugonjwa wa kupe. Mwaka jana alizika mmoja. Safari anaijua hesabu hiyo kuliko anavyoijua posho yake.

Mwezi wa tano, jioni ya Jumatatu, mtendaji wa kijiji alikuja nyumbani kwake. Anaitwa Restituta, ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu ambaye huendesha ofisi nzima kwa kompyuta moja na kiti kimoja. Alikuwa ameshika karatasi.

"Kaka Safari, kaa kwanza."

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Umefutwa."

Oliva, mke wa Safari, alikuwa akichambua mboga mlangoni. Aliacha.

Restituta alieleza, na ilibidi aeleze mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hakuna aliyeamini. Bajeti ya kijiji huandikwa kwenye fomu yenye vyumba vidogo sana. Penye "Maelezo" yeye alikuwa ameandika "Safari, josho." Penye "Idadi" aliandika "12," akimaanisha miezi. Miaka miwili ilipita hivyo hivyo bila neno. Mwaka huu likaja agizo la kubana matumizi: warsha zipungue, vitafunio vipungue, safari zipungue. Kamati iliyopitia bajeti za vijiji ikakuta kwamba Endaloqi inapanga kufanya safari kumi na mbili kwenda kwenye josho ambalo liko Endaloqi.

Alisoma maoni yaliyoandikwa pembeni: "Josho liko ndani ya kijiji. Safari hizi hazina tija. Zifutwe."

Oliva akarudia mboga zake.

"Mimi nimesema hivyo miaka kumi na tisa," alisema. "Ila sikuandika."

Safari alicheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu aliona Restituta hacheki.

"Kuanzia tarehe moja mwezi wa saba," Restituta alisema, "kijiji hakina kifungu cha kukulipa. Na josho likiwa halina mwogeshaji, sheria ni kulifunga kwa kufuli. Ile ni sumu."

"Si uwaambie mimi ni mtu?"

"Nimewaandikia. Wamejibu." Akatoa karatasi ya pili. "Barua yako imepokelewa na inafanyiwa kazi."

"Kazi gani?"

"Kaka, hiyo ndiyo sentensi yote. Marekebisho ya bajeti ni Desemba."

Safari alihesabu kwa vidole. Julai, Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba. Vuli huanza Novemba, na kupe hawasubiri marekebisho. Kulikuwa na njia moja tu iliyobaki. Baraza la madiwani lilikuwa likikutana Alhamisi, na Mheshimiwa Hilda, diwani wao, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya darasani, alikuwa na maswali kwenye orodha. Tangu Ijumaa simu yake ilikuwa haipatikani. Safari angepaswa kumfuata.

"Nitakwenda," alisema.

"Utakwenda na nani?" aliuliza Oliva.

Jibu lilipatikana Alhamisi saa kumi na moja na nusu alfajiri, ukungu ukiwa umelala juu ya mashamba ya vitunguu saumu. Mzee Hhando alikuwa amesimama barabarani kando ya boda boda, amejifunika blanketi, ameshika fimbo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi ni shahidi wako. Panda katikati."

Walikwenda mshikaki, dereva mbele, Safari kati, mzee nyuma akimkandamiza mbavu kwa fimbo kila penye kona.

"Leo ndiyo safari ya kumi na tatu," mzee alipiga kelele juu ya mlio wa pikipiki. "Hii nayo wataifuta!"

Ukumbi wa halmashauri ulikuwa na baridi kuliko nje. Madiwani walikaa kwa safu wakiwa na majoho yao, wataalamu walikaa upande wa kulia na mafaili, na wananchi walipewa benchi mbili za nyuma chini ya tangazo: WAGENI HAWARUHUSIWI KUZUNGUMZA. Kufika kwenye benchi ilibidi kupita mbele ya safu nzima ya wazee, na Safari alilelewa vizuri. Alimwamkia wa kwanza. Akamwamkia wa pili. Alipofika wa saba, mwenyekiti wa baraza, mtu mnene mwenye miwani ya kusomea kwenye ncha ya pua, aligonga meza.

"Ndugu yangu pale. Salamu zako zimepokelewa na baraza zima. Kaa."

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Safari, akakaa.

Maswali yalianza. Aliyekuwa akijibu kwa niaba ya ofisi ni mtaalamu wa mipango, kijana wa miaka kama ishirini na minane aliyevaa suti ya kijivu na miwani, ambaye mwenyekiti alimwita Emanuel tu. Alikuwa na sauti ya mtangazaji wa redio. Diwani mmoja aliuliza kwa nini mkulima wa kitunguu saumu anatozwa ushuru akitoka shambani, kisha anatozwa tena akifika mnadani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisoma Emanuel, "ofisi imelipokea jambo hili kwa uzito unaostahili, na tathmini inaendelea ili kubaini namna bora ya kulishughulikia."

Madiwani walipiga meza kidogo. Mzee Hhando aliinama kwenye sikio la Safari.

"Amejibu?"

"Amejibu."

"Amesema nini?"

"Wanaangalia."

"Wanaangalia nini? Mnada uko pale pale."

Swali la nne lilikuwa la Mheshimiwa Hilda. Alisimama, akaweka joho sawa, akauliza: fedha za umma zilizowekezwa kwenye miradi ya mifugo katika kata yake zimezalisha ajira ngapi, za nani, na za muda gani? Safari alijaribu kukamata jicho lake. Hakufaulu. Mheshimiwa Hilda alikuwa na mazoea ya mwalimu ya kutotazama nyuma ya darasa mpaka akisikia kelele.

Emanuel alifungua faili. "Mheshimiwa Mwenyekiti, uwekezaji uliofanyika katika ukarabati wa majosho manne umezalisha ajira nne za kudumu, ikiwemo ajira moja katika Kijiji cha Endaloqi, ambayo imechangia kupunguza vifo vya ndama kwa kiwango cha kuridhisha."

Meza zilipigwa kwa nguvu. Mzee Hhando alimpiga Safari begani.

"Wewe! Unapigiwa meza!"

Safari alihisi masikio yakipata moto. Hajawahi kuitwa ajira. Alikuwa ameitwa fundi, mlinzi, na siku moja bibi mmoja asiyeona vizuri alimwita daktari. Ajira ya kudumu ni neno la watu wenye ofisi, na lilikuwa limesomwa kwa kipaza sauti mbele ya majoho yote yale. Kwa muda wa dakika nzima alisahau kilichomleta.

Swali la tano lilimkumbusha. Diwani mwingine alitaka kujua agizo la kubana matumizi limeleta matokeo gani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema Emanuel, na safari hii sauti ilipanda kidogo kwa fahari, "mafanikio ni makubwa. Kwa mfano, katika Kijiji cha Endaloqi pekee tumeweza kuondoa safari kumi na mbili zisizo na tija."

Meza zilipigwa tena. Zilipigwa kuliko mara ya kwanza.

Safari alikaa akisikiliza makofi hayo ya mbao, na polepole jambo likamkaa kichwani. Alikuwa amepigiwa meza mara mbili ndani ya dakika kumi: mara moja kwa sababu yupo, na mara ya pili kwa sababu ameondolewa. Kijana mmoja, faili moja, kurasa mbili zilizofuatana.

Alitoa mfukoni daftari la kuhesabia ng'ombe, akachana karatasi. Aliandika kwa kalamu ya Mzee Hhando, ambayo ilikuwa ya bluu na haikutaka kuandika, hivyo ilibidi akandamize: "Mheshimiwa, zile safari kumi na mbili ni mimi. Safari Sulle wa josho. Nipo nyuma." Akampa mhudumu wa ukumbi aliyekuwa akigawa maji ya chupa, na mhudumu akaipeleka pamoja na chupa.

Mheshimiwa Hilda aliisoma. Aliinua kichwa, akaangalia dari, akaisoma tena. Kisha mabega ya joho yakaanza kutikisika. Alikunywa maji, akasubiri yashuke, akasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, swali la nyongeza."

"Uliza, Mheshimiwa Diwani."

"Je, ofisi ina taarifa kwamba safari kumi na mbili zilizofutwa Endaloqi zina mke na watoto watatu, na kwamba hivi sasa zimekaa kwenye benchi la wageni?"

Mwenyekiti alisukuma miwani juu.

"Mheshimiwa, fafanua."

"Nitafafanua kwa kuonyesha. Zisimame?"

Safari alisimama. Alikuwa amevaa koti la harusi yake, na mikono ya koti ilikuwa imebadilika rangi kwa dawa ya josho.

"Jina lako, ndugu?" aliuliza mwenyekiti.

"Safari, Mheshimiwa."

"Nimekuuliza jina. Sijakuuliza umekujaje."

"Ndilo jina, Mheshimiwa. Safari Sulle. Naogesha ng'ombe Endaloqi, Jumanne na Ijumaa. Ile kumi na mbili ni miezi."

Kilichofuata hakikuwa kelele mara moja. Kilianzia upande wa madiwani wanawake, kikapita safu ya kati, kikafika kwa wazee ambao baadhi yao hawakuwa wamesikia vizuri na walikuwa wakielezwa na jirani zao, na kila aliyeelezwa aliongeza kicheko chake. Mzee Hhando alikuwa amesimama, ameegemea fimbo yake.

"Ni kweli! Alizaliwa njiani! Bibi yake namjua!"

"Mzee," alisema mwenyekiti, akijitahidi kukunja uso, "wageni hawaruhusiwi kuzungumza."

"Sizungumzi. Nashuhudia."

Mtu mmoja tu hakucheka. Emanuel alikuwa amefungua faili na anageuza kurasa mbili, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta mlango. Mwenyekiti alimgeukia.

"Mtaalamu. Ukurasa mmoja huyu ni ajira, ukurasa wa pili ni hasara. Tuandike lipi?"

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba radhi. Mimi niliposoma neno safari, nilielewa ni..."

"Wewe ni mtu wa huku?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nimezaliwa Dongobesh."

"Emanuel nani?"

Kijana alitazama kiatu chake. Alikisogelea kipaza sauti, kisha akajitenga nacho kidogo, lakini hakujitenga vya kutosha.

"Emanuel Safari, Mheshimiwa."

Sasa hapakuwa na mwenyekiti wala wageni. Diwani mmoja alivua joho kabisa ili apumue. Mheshimiwa Hilda alikuwa amekaa, amefunika uso kwa karatasi ya Safari, na karatasi ilikuwa ikitetemeka. Mwenyekiti aligonga meza mara tano, na mara ya tano alikuwa anagonga kwa sababu anacheka. Na Emanuel, baada ya kusimama pale muda mrefu kuliko alivyotaka, aliondoa miwani, akafuta macho, akacheka naye, kicheko kidogo ambacho hakikuwa cha redio hata kidogo.

Baraza lilipotulia liliamua kwa sauti moja, na uamuzi ukaingia kwenye kumbukumbu: kifungu kirejeshwe kabla ya bajeti kufungwa, na kuanzia sasa bajeti za vijiji ziandike kazi, zisiandike jina la mtu. Mwenyekiti aliagiza irekebishwe siku hiyo hiyo, mwenye jina akiwa anaona.

Nje ya ukumbi Emanuel alimfuata Safari ngazini, akasimama ngazi moja chini yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Kwetu mtu mwenye jina la baba yako ni baba yako. Nisamehe. Nimekufuta bila kukujua."

"Umesikia?" alisema Mzee Hhando. "Umefutwa na mwanao wa kumzaa. Mchape."

"Huyu tusimwambie habari ya kuchapa," alisema Safari. "Akichapa yeye, watu wanapotea."

Ofisini kwake, Emanuel alifungua kompyuta na kumvutia Safari kiti karibu na kioo. Mstari wa nane wa bajeti ya Endaloqi ulikuwa mweupe. Alichapa polepole, akitamka kila neno: mwogeshaji mifugo, mtu mmoja, miezi kumi na mbili. Safari aliomba asomewe tena. Kisha akausoma mwenyewe, kidole kikiwa juu ya kioo.

"Jina langu halipo."

"Halipo, baba. Ndiyo usalama wako."

Alilifikiria hilo. Ilikuwa kweli kwamba mara zote mbili meza zilipopigwa, hakuna aliyejua zinapigwa kwa ajili ya nani, na mara ya tatu, walipojua, hawakupiga meza. Walicheka. Aligundua kwamba ile ya tatu ndiyo aliyoipenda.

"Basi acha hivyo," alisema. "Ila nipe nakala. Mke wangu atataka kuona tija."

Restituta alikuwa amekwisha kupigiwa simu na Mheshimiwa Hilda, na Restituta alikuwa amewapigia wengine, hivyo pikipiki ilipofika Endaloqi saa kumi na mbili jioni habari ilikuwa imewatangulia kwa saa nne. Watu walikuwa barabarani. Mzee Hhando alishuka kwa shida, akanyoosha magoti, akaanza kusimulia kabla hata hajafika chini ya kivuli cha duka, na katika simulizi yake yeye ndiye aliyekuwa amemuuliza kijana jina la baba yake. Safari hakumrekebisha. Oliva aliisoma nakala kwa taa ya simu, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya Biblia.

"Mtu mmoja," alisema. "Hapo hawajakosea."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Ng'ombe walianza kushuka vilimani kabla ya jua, kutoka Endaloqi na kutoka vijiji viwili vya jirani ambavyo kwa kawaida huja Jumanne tu, kwa sababu wenye ng'ombe walitaka kumwona mtu aliyesimamisha baraza. Hata waliokuwa na mbuzi wawili walikuja na mbuzi wawili. Safari alishusha fimbo, akasoma alama, akaongeza dawa. Hakuwa na muda wa kusimulia. Kila aliyeanza kumuuliza aliambiwa ashike kamba, na aliyeshika kamba alijikuta anafanya kazi mpaka saa sita.

Siku hiyo waliogeshwa ng'ombe mia nne na kumi na wawili, idadi ambayo josho halijawahi kufikia. Wa mwisho alikuwa mtamba wa Oliva, mwekundu, mwenye pembe moja, ambaye alifika ukingoni, akatazama maji, akakita miguu yote minne kwenye saruji na kukataa. Watu walimsukuma. Watu walimbembeleza. Safari alikwenda nyuma yake, akaweka bega kwenye paja lake, akamnong'oneza kitu ambacho hakuna aliyekisikia, na mtamba akaruka kwa ghafla kiasi kwamba maji yaliinuka kama pazia na kumwangukia Safari kichwani, kwenye koti, mpaka kwenye viatu. Alisimama pale akichuruzika dawa, akatema mate, akafuta macho kwa kiganja, na akawa wa kwanza kucheka.